Kushona Ngozi kwa Mkono: Mwongozo wa Anayeanza, kutoka Kipande cha Mazoezi hadi Kipochi cha Kadi

Maswali ya wanaoanza kazi ya ngozi hufanana sana. Ninunue ngozi gani? Je, ni lazima niwe na cherehani? Kwa nini mishono yangu imelala ovyo ilhali nilifuata maelekezo yote? Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo mara nyingi, kwa mtu mmoja mmoja, na kila mara nimejikuta nikirudia yaleyale. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata mezani kwake, jioni baada ya kazi au siku ya mapumziko.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujifunza kazi hii kwa kuipenda, awe ana nia ya kuuza baadaye au hana. Utaanza na kipande cha mazoezi, kisha utashona kipochi kidogo cha kadi chenye vipande viwili tu. Najua wengi hutamani kuanza na mkoba au makubadhi. Nakusihi usifanye hivyo. Mkoba una mamia ya mishono, na anayeanza nao hulirudia kosa moja mara mamia kabla hajaligundua. Kipochi cha kadi kina mishono isiyofika hamsini. Utakimaliza, utakitazama, utaona ulipokosea, na siku ya pili utakirudia ukiwa bado unakumbuka. Kurudia huko ndiko kunakoufundisha mkono, na sijaona njia nyingine.

Kuchagua ngozi

Nadharia unayohitaji hapa ni ndogo. Ngozi husindikwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza hutumia tanini, ambayo ni dawa inayotoka kwenye mimea, hasa magome ya miti. Miwati inayopandwa Njombe, kwa mfano, magome yake hutumika kwa kazi hiyo. Ya pili hutumia chumvi za kromi. Ngozi ya tanini huwa ngumu kiasi, hukubali umbo inapoloweshwa, na kingo zake zikisuguliwa hung'aa. Ngozi ya kromi huwa laini na yenye kunyumbulika, nayo ndiyo inayotumika zaidi kwenye sehemu ya juu ya viatu, kwenye makoti na kwenye viti. Kwa kujifunzia, tafuta ya tanini, kwa sababu hutulia chini ya kisu, matundu yake hubaki mahali yalipotobolewa, na makosa yako huonekana waziwazi.

Muuzaji akiwa hana hakika, tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya kromi ambayo haijaloweshwa rangi hadi ndani huonyesha ukijivu au usamawati hafifu katikati, wakati ile ya tanini ni ya kahawia unene wote. Unaweza pia kudondosha tone la maji kwenye upande wa nyama, yaani upande wa ndani usio na mng'ao. Kwenye ngozi ya tanini ambayo haijapakwa kitu, tone huzama na mahali pale pakawa peusi kidogo, kisha hurudi pakikauka.

Unene unaofaa kwa kipochi ni milimita 1.2 hadi 1.5. Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, lakini wewe huhitaji hata futi mbili. Nenda kwa mafundi wanaotengeneza viatu, mikanda au makubadhi uwaombe wakuuzie mabaki. Kipande chenye ukubwa wa karatasi ya A4 kinatosha kwa mazoezi na kipochi kimoja. Walio Nairobi watawapata mafundi wa ngozi katika soko la Kariokor, na walio Dar es Salaam waanzie kwenye maduka ya vifaa vya viatu Kariakoo.

Kabla ya kulipa, kishike kipande kwa mikono miwili ukivute, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Kikivutika kirahisi na kubaki kimelegea, kimetoka tumboni au kwapani mwa mnyama, na kipochi chake kitalegea baada ya miezi michache. Kinachotoka mgongoni hakivutiki kirahisi namna hiyo. Kuhusu makovu ya miiba, alama za kupe na chapa za moto, ambazo ngozi za ng'ombe wetu wanaochungwa porini huwa nazo nyingi, mimi sizikatai. Kovu lililopona ni sehemu ya ngozi. Liepuke tu mahali ambapo mshono utapita, kwa kuwa hapo ngozi haina nguvu sawa.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kisu chenye wembe wa kubadilisha, kile cha kukatia karatasi na maboksi, pamoja na nyembe mpya mbili au tatu.
- Rula ya chuma. Ya plastiki haifai, kwa sababu kisu huila, na ukingo wa rula ukiisha kuliwa hutapata tena mstari ulionyooka.
- Bikari ya shuleni yenye ncha, au iliyoondolewa penseli na kuwekwa msumari mwembamba.
- Msharasi, yaani chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, uwe mwembamba, ulionyooka, usio na ndoano. Msharasi wenye ndoano ambao mafundi viatu huutumia ni chombo kizuri, lakini hutoa mshono wa aina nyingine.
- Sindano mbili za ngozi, zenye ncha butu. Ukizikosa, nunua sindano nene za kawaida uzisugue ncha kwenye msasa mpaka zisiweze kukuchoma kidole.
- Uzi wa poliesta au wa kitani wenye unene wa milimita 0.6 hadi 0.8, na kipande cha nta ya nyuki.
- Gundi ya viatu, msasa wa namba 400 na wa namba 600, na kipande cha turubai safi au cha jinzi ngumu.
- Ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ambao hautarudi tena jikoni, na ndara moja kuukuu ya mpira.
- Kibano cha kushikia kazi. Vipande viwili vya ubao vyenye urefu wa sentimita 40, vikiunganishwa chini kwa bawaba au kamba na kubanwa katikati ya mapaja, vinatosha kabisa.

Ziko pia uma za chuma zenye meno, zinazogongwa kwa nyundo ya mti ili kutoboa matundu kadhaa kwa mara moja. Zikipatikana, chukua yenye nafasi ya milimita 4 kati ya jino na jino. Hata hivyo, usiahirishe kuanza kwa sababu huna uma hiyo. Bikari na msharasi hufanya kazi ileile kwa mwendo wa polepole.

Tahadhari

Kisu butu kina hatari kuliko kikali, kwa sababu hukulazimisha kutumia nguvu, nacho kikiteleza huenda na nguvu yote hiyo. Badilisha wembe mara tu unapohisi kwamba ngozi inavutwa badala ya kukatika. Vidole vinavyokandamiza rula vikae mbali na ukingo wake. Gundi ya viatu ina mvuke unaolewesha na kushika moto haraka. Ifungue karibu na dirisha lililo wazi, mbali na jiko, mshumaa na sigara, na watoto wasiwepo.

Sehemu ya kwanza: kipande cha mazoezi

1. Kata vipande viwili vya sentimita 3 kwa 15. Weka ngozi juu ya ubao, upande wa juu ukikutazama. Weka rula juu ya sehemu unayotaka kubaki nayo, ili kisu kikiteleza kiharibu kile kitakachotupwa. Pitisha kisu mara tatu kwa wepesi: mara ya kwanza uchore njia, ya pili uingie, ya tatu ukate. Wengi hutaka kukata kwa mara moja, na matokeo yake ukingo huwa umelala, chini pakiwa papana kuliko juu. Kisu kisimame wima kama mlingoti.

2. Gundisha vipande hivyo, upande wa nyama kwa upande wa nyama. Paka gundi tabaka jembamba pande zote mbili, ngoja dakika chache mpaka ukiigusa isinate kidoleni, kisha kutanisha na ukandamize. Gundi hii hushika papo hapo, kwa hiyo anzia mwisho mmoja na uende taratibu. Ikikauka, nyoosha ukingo mrefu kwa kukata ukanda mwembamba sana, ili vipande viwili vilingane kabisa.

3. Chora mstari wa mshono. Fungua bikari milimita 3.5, ncha moja ipite nje ya ukingo na nyingine ichore juu ya ngozi. Usitumie kalamu ya wino, kwani wino hauondoki. Mchoro wa ncha unatosha, na uzi utakaa ndani yake.

4. Weka alama, kisha toboa. Fungua bikari milimita 4 na uitembeze juu ya mstari, mguu baada ya mguu, ukibonyeza kidogo ili kila hatua iache kijidoti. Baada ya hapo, laza ngozi juu ya ile ndara ya mpira na utoboe kila kidoti kwa msharasi. Ndara inaupokea msharasi bila kuuvunja ncha, na ngozi haisogei. Jambo la kuangalia kwa makini ni kusimama kwa msharasi. Ukiinama hata kidogo, tundu litatokea upande wa pili likiwa nje ya mstari, na mshono wa nyuma utakwenda upogo. Toboa matundu matano, geuza utazame nyuma, rekebisha mkono, endelea.

5. Andaa uzi. Kipimo ni mara nne ya urefu wa mshono, pamoja na nyongeza ya sentimita 20 hadi 25. Kwa mshono wa sentimita 14, kata uzi wa sentimita 80. Kama uzi hauna nta, upitishe juu ya kipande cha nta mara tatu mpaka uhisi umekuwa mzito kidogo. Ingiza sentimita 8 za mwisho wa uzi kwenye tundu la sindano, kisha uchome uzi wenyewe kwa ncha ya sindano mara mbili, uuteremshe ule uliochomwa hadi upite tundu la sindano, na uvute. Uzi utakuwa umejifunga bila fundo. Fanya hivyo kwenye ncha zote mbili, kila ncha na sindano yake.

6. Shona. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo ninapokuomba uende polepole kuliko unavyodhani inahitajika.

Bana ngozi kwenye kibano, mstari wa matundu ukiwa juu kidogo ya mdomo wa kibano. Anzia tundu lililo mbali nawe, uje kuelekea kifuani. Pitisha sindano moja kwenye tundu la kwanza na ulinganishe uzi, nusu kushoto na nusu kulia. Kuanzia hapo kila mshono una mwendo uleule. Sindano ya kushoto hutangulia kwenye tundu linalofuata, hutokea kulia, na uzi wake huvutwa kiasi cha sentimita 10. Kisha sindano ya kulia huingia tundu hilohilo, ikipita nyuma ya uzi uliokwisha kupita, yaani upande ulio mbali nawe. Kabla sindano hii ya pili haijazama, urudishe nyuma kidogo ule uzi wa kwanza. Uzi huo ukiteleza, ni salama, endelea. Ukikataa, sindano imeuchoma; itoe mara moja, kwa sababu uzi uliochomwa hautavutika sawa, na wala hutaweza kuufumua baadaye bila kuukata. Mwisho, vuta nyuzi zote mbili kwa pamoja, mkono wa kushoto na wa kulia vikifunguka sawa, mpaka uzi uzame kwenye mchoro wake.

Mshono huu wa sindano mbili una faida ambayo ni vizuri uifahamu. Nyuzi zote mbili hupita katika kila tundu, kutoka pande zinazokabiliana. Kwa hiyo upande mmoja ukikatika, ule mwingine bado umeshika, na mstari haufumuki kwa mkupuo. Ni mshono wa watengenezaji wa matandiko ya farasi, watu ambao kazi yao ikifumuka mtu huanguka.

Nilipokuwa najifunza, nilikaa na mzee mmoja fundi viatu kibarazani pake, nikidhani macho ndiyo yanayofanya mishono ilingane. Akanifumba macho kwa kitambaa na kuniambia nivute. Mkono wangu wa kulia ulitangulia kila mara, nami sikuwahi kuligundua hilo nilipokuwa nikitazama. Hadi leo, mishono ikianza kwenda kombo, nafumba macho kwa mishono miwili mitatu na kusikiliza mikono. Uzi wenye nta ukivutwa sawa hutoa sauti fupi ya kukwaruza kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Ukisikia sauti mbili, moja ikiifuata nyingine, ujue mkono mmoja umetangulia.

Sheria ni moja: ukichagua kushoto itangulie, itangulie daima, ukichagua kupita nyuma ya uzi, pita nyuma daima. Simu ikilia, maliza mshono kwanza. Mishono mingi iliyoharibika ambayo nimeletewa niitazame iliharibikia mahali ambapo mtu aliweka kazi chini, akarudi, na hakukumbuka zamu ilikuwa ya sindano ipi.

7. Funga mshono. Ukifika tundu la mwisho, rudi nyuma matundu mawili ukipita katika matundu yaleyale. Uzi wa poliesta ukate ukibakiza milimita 2, uyeyushe ncha yake kwa kiberiti cha gesi bila kuugusisha moto kwenye ngozi, kisha uibonyeze kwa kitu cha chuma. Uzi wa kitani hauyeyuki. Ukate karibu na ngozi na uufiche kwa tone la gundi.

8. Tazama, andika tarehe, rudia. Kwenye upande wa nyuma wa kipande andika tarehe, halafu ukiweke. Rudia zoezi hili mara tatu kabla ya kwenda mbele. Najua linachosha. Lakini kipande cha tatu ukikilaza kando ya kile cha kwanza, utaona kwa macho yako kilichobadilika, na utajua ni nini kilichobaki.

Sehemu ya pili: kipochi cha kadi

9. Tengeneza kigezo. Kadi ya benki ina upana wa milimita 85.6 na kimo cha milimita 54. Kata karatasi ngumu yenye milimita 100 kwa 50. Upana wa 100 unaacha nafasi ya mshono kila upande pamoja na ulegevu wa kutosha kadi tatu au nne, na kimo cha 50 kinaifanya kadi ichomoze karibu milimita 8 juu ya mdomo, ili vidole viweze kuishika. Wengi hupima kadi yenyewe tu na kusahau kwamba mshono unakula nafasi. Weka kadi juu ya kigezo, uone kwa macho, ndipo ukate ngozi: vipande viwili vinavyofanana.

10. Maliza midomo kwanza. Kingo mbili ndefu zitakazokuwa mdomo wa kipochi zisuguliwe na kung'arishwa sasa, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 12. Ukishashona, hutaweza tena kuzifikia kwa ndani.

11. Gundisha, toboa na shona. Paka gundi ukanda wa milimita 4 tu, kwenye pande mbili fupi na upande mmoja mrefu wa chini. Gundi ikizidi hapo itaila nafasi ya kadi, na kuitoa ni shida. Nyoosha kingo baada ya kukauka, chora mstari wa milimita 3.5, na uanze kuweka alama kwenye pembe mbili za chini, kila pembe iwe na tundu lake hasa. Kutoka pembe, tembeza bikari kwenda juu, kisha kutoka pembe zote mbili kuja katikati ya upande wa chini. Huko katikati nafasi haitagawanyika sawasawa na milimita 4. Punguza au ongeza nusu milimita kwenye alama nne au tano za mwisho, na hakuna jicho litakaloona. Kosa lililozoeleka ni kuanzia upande mmoja na kuzunguka, ukafika mwisho ukabaki na mshono mmoja wa milimita 2 pembeni kabisa, mahali ambapo kila mtu hutazama.

Uzi wa mita 1 unatosha. Unapoanza, kwenye tundu la juu kabisa pitisha uzi mara moja kuzunguka ukingo wa mdomo ndipo uendelee, na unapomaliza upande wa pili fanya vivyo hivyo. Mdomo ndio unaovutwa kila kadi inapoingia na kutoka. Bila kitanzi hicho, ngozi hufunguka hapo kabla ya mahali pengine popote.

12. Ng'arisha kingo. Sugua kwa msasa wa 400 mpaka mstari unaogawa vipande viwili usionekane tena, ukiondoa na ukali wa pembe za juu na chini, kisha umalizie na wa 600. Lowesha ukingo kwa kidole chenye maji. Unyevu tu, usiache maji yatiririke usoni mwa ngozi. Sugua kwa turubai kwenda na kurudi, haraka na kwa wepesi, mpaka uhisi joto. Ukingo utabadilika rangi na kuanza kung'aa. Paka nta ya nyuki kidogo, sugua tena. Watu wengi huacha kusugua mapema mno. Mimi hutumia dakika tano kwa kila ukingo, na bado naziona zimefaa.

Kama ulipata ngozi ya kromi, njia hii haitafanya kazi, hata usugue kutwa. Kata kingo zake kwa usafi na uziache hivyo, au zipake rangi maalumu ya kingo.

Mambo yakienda kombo

*Mishono imelala pande tofauti.* Ulibadilisha zamu ya sindano, au mara ulipita nyuma ya uzi na mara mbele yake. Fumua hadi mahali ilipobadilika. Ndiyo sababu nasema utazame kila baada ya mishono mitano, wakati kufumua bado ni kazi ndogo.

*Mbele pamenyooka, nyuma panacheza.* Msharasi uliinama. Hakuna dawa kwa kipande hicho. Kwenye kinachofuata, kaa ukiwa umeuelekea mstari moja kwa moja, usitoboe ukiwa umekaa upande.

*Uzi umechakaa kabla ya kufika mwisho.* Matundu ni madogo kuliko uzi, nta ni chache, au ulikata uzi mrefu mno, na sehemu ileile ikapita kwenye matundu mara nyingi. Ongeza nta, pitisha msharasi tena kwenye kila tundu kabla ya kulishona.

*Ngozi imejikunja kwenye mshono.* Ulivuta kwa nguvu kupita kiasi. Uzi ukishakaa kwenye mchoro wake, inatosha.

*Kadi haiingii.* Usifumue kwanza. Lowesha ndani ya kipochi kwa kitambaa chenye unyevu, funga kadi mbili usizozitumia ndani ya mfuko wa plastiki, zisukume ndani na uziache usiku kucha. Ngozi ya tanini itachukua umbo lao. Kisha kianike kivulini; juani hukakamaa.

*Kumetokea doa jeusi mahali palipolowa.* Ni chuma. Tanini ikikutana na maji na chuma pamoja hutoa weusi, na rula yenye kutu juu ya ngozi yenye unyevu inatosha kuuleta. Doa bichi hupungua ukilipangusa kwa maji ya limau yaliyozimuliwa, halafu kwa maji safi. Lililokaa siku nyingi litabaki.

*Ukungu.* Walio Mombasa, Tanga, Zanzibar na pwani yote watauona msimu wa masika. Pangusa kwa kitambaa kikavu ukiwa nje ya nyumba, anika kivulini penye upepo, na baada ya hapo hifadhi ngozi ndani ya kitambaa cha pamba, usiifungie kwenye mfuko wa plastiki. Usipake mafuta ya kupikia ukidhani unailinda. Huacha madoa na huchacha.

Kipochi cha pili na cha tatu

Shona kipochi hichohicho tena, kwa vipimo vilevile, lakini kila mara chagua jambo moja tu la kuboresha: hiki kiwe cha kingo, kile kiwe cha nyuma ya mshono. Ukiyashughulikia yote kwa pamoja hutajua lipi lilisaidia. Kwenye cha tatu ongeza mfuko wa nje: kipande cha milimita 100 kwa 40, kikilala juu ya uso wa kipande cha mbele. Hapo utakutana na jambo jipya, kwamba gundi haishiki vizuri kwenye uso laini wa ngozi. Chora kwa ncha mpaka wa kipande kitakapokaa, kisha ukwaruze kwa msasa ule ukanda wa milimita 4 tu ulio ndani ya mpaka huo, kabla ya kupaka gundi. Mdomo wa mfuko huo nao ung'arishwe kwanza, na uzi uuongeze hadi mita 1.2, kwa kuwa sasa unapita katika matabaka matatu. Watakaotaka kwenda mbali zaidi, hadi kuijua ngozi tangu inaposindikwa, wanaweza kuulizia mafunzo ya teknolojia ya ngozi katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam.